Jinsi ya Kufundisha Rekoda Kimana na Ubaki na Kazi

Hongera, umekabidhiwa rekoda. Usiulize ni nani aliyelitaja jina lako. Kikao kimekwisha, kumbukumbu zimeandikwa, chai imenywewa. Katika shule nyingi za huku Kajiado Kusini, mwalimu wa muziki hapatikani kwa kusomea muziki. Hupatikana kwa kuchelewa siku ya kugawa vipindi, au kwa kuwahi kuonekana kwenye kwaya ya kanisa, au kwa kutembea na kipenga shingoni. Sababu hii ya mwisho imepata nguvu tangu muziki, uchoraji na michezo vilipounganishwa kuwa somo moja la Sanaa Bunifu. Hoja ya naibu wa mwalimu mkuu haina kasoro: huyu tayari anapuliza kitu. Shukuru kwa heshima, chukua daftari, keti. Anayekataa rekoda hupewa funguo za stoo ya maharagwe, na maharagwe huhesabiwa.

Anza kujifunza usiku wa leo, maana kipindi ni kesho. Funga mlango. Rekoda ya deskanti, hiyo ndogo inayotakiwa na mtaala kuanzia Gredi ya 4, ina matundu 7 mbele na 1 nyuma la kidole gumba. Mkono wa kushoto hukaa juu, wa kulia chini. Amri hii haina msamaha, hata kwa mtoto anayeandika kwa kushoto, kwa sababu matundu ya mwisho yameelekezwa kwenye kidole kidogo cha kulia tangu kiwandani. Ziba tundu kwa nyama ya kidole, si kwa ncha. Anzisha kila noti kwa ulimi, kana kwamba unasema "tu", ila usiseme. Pumzi iwe ya kupoza chai, si ya kuwasha jiko. Ukizidisha, sauti itaruka oktava nzima na jirani atagonga ukuta. Ukipunguza, itazimika. Katikati ya hizo mbili kuna nafasi nyembamba ambamo muziki hukaa, nawe utaivuka mara kadhaa usiku huu bila kuitambua.

Sasa waandikie wazazi barua. Kila mtoto alete rekoda, basi. Usitaje aina. Ukitaja aina, mzazi atauliza inauzwa wapi, na jibu la kweli ni Nairobi, mwendo wa kilomita 200 hivi kupitia Emali. Acha kila nyumba itafute kivyake. Siku ya siku utapokea za kijani, za waridi, nyeupe iliyorithiwa kwa binamu ikiwa na alama za meno, moja isiyo na kipande cha chini, na angalau kipenga kimoja, kwa kuwa baba alikuwa na haraka na mwenye duka hakutaka kumpoteza mteja. Pokea vyote. Usimwambie mtoto kwamba alicholeta si rekoda. Baba yake ni mjumbe wa halmashauri ya shule.

Kabla hujapuliza chochote, zigeuze ukague mgongoni, karibu na tundu la kidole gumba. Nyingine zina herufi ndogo G, nyingine B. Hapa ndipo mwalimu mwenye moyo mwepesi hufunga safari ya kurudi kwao. G ni mtindo wa Kijerumani, B ni mtindo wa Kibaroki, na hiyo mitindo miwili haikubaliani kuhusu noti ya F. Miaka ya 1920 Mjerumani mmoja, fundi Peter Harlan, aliona F inawasumbua wanafunzi kwa sababu vidole havishuki kwa mfuatano, vinaruka. Akabadilisha ukubwa wa matundu ili F ipatikane kwa kuteremsha vidole moja kwa moja. F ikawa rahisi kweli. Ile F ya kupandishwa nusu ndiyo iliyoharibika. Karibu miaka 100 baadaye, huruma ya Harlan imefika Kimana ikiwa ya plastiki na rangi ya waridi. Siku utakayofundisha F, nusu ya darasa itakuwa sahihi kwa mtindo wake, nusu ya pili itakuwa sahihi kwa mtindo wake, na ukiwasikiliza pamoja utatamani stoo ya maharagwe. Kwa hiyo usifundishe F.

Hiyo ndiyo kanuni kuu ya kazi hii na hutaikuta kwenye kitabu chochote cha mwalimu: baki kwenye B, A na G. Noti tatu. Zote ni za mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia unabaki huru kushikilia ala na kufukuza nzi. Kwa noti hizo tatu mtoto anaweza kupiga kibwagizo cha muuza mikate wa Kiingereza wa sikukuu ya Pasaka, mikate ambayo haijawahi kuuzwa Kimana, na atakipiga muhula wa kwanza, wa pili na wa tatu. Muhula wa tatu utauita marudio. Mtu akikuuliza mbona hawasongi mbele, jibu kwamba unajenga msingi. Hakuna mkaguzi aliyewahi kugombana na msingi.

Jiandae kwa suala la majina. Mtoto wa Kimana anazungumza Kimaasai nyumbani, Kiswahili barabarani na Kiingereza darasani. Kanisani amefundishwa do, re, mi, ile njia ambayo Mwingereza John Curwen aliieneza karne ya 19 na wamisionari wakaipakia merikebuni pamoja na vitabu vya nyimbo. Kwenye rekoda utamwambia hizo ni B, A, G. Ukifika kwenye mapigo utamwambia zile noti sasa zinaitwa taa na ta-te, kwa mtindo wa Kifaransa. Ni lugha 3 na mifumo 3 ya majina kabla hata hajavuta pumzi. Atakapopuliza na isitoke sauti, usimuulize amekosea wapi, maana atakujibu, na hutajua anajibu kwa lugha ipi.

Kipindi ni dakika 35. Zigawe kwa busara. Dakika 10 ni za kutafuta rekoda zilizobaki nyumbani. Dakika 5 ni za kufuta midomo ya ala kwa mkono wa sweta, hasa pale watoto watatu wanapotumia moja, jambo ambalo limekatazwa na ambalo hutaliona. Dakika 5 ni za kesi ya aliyechomwa mgongoni. Dakika 8 ni za kunakili mistari mitano kutoka ubaoni, kwa rula. Zinabaki 7. Humo ndimo mtakamopuliza, na mpulize kwa pamoja mara moja tu, wakati mwalimu mkuu anapita dirishani. Watoto 60 wakipuliza B chini ya mabati hawatoi B. Wanamtoa mwalimu wa Hisabati darasani kwake. Mpishe kwa heshima, mwambie "pole sana, Mwalimu", kisha uamuru rekoda ziwekwe mapajani. Usisahau amri hiyo ya mapajani. Ndiyo noti ya nne, na ndiyo itakayokutumikia kuliko zile tatu.

Ukifukuzwa darasani, nenda chini ya mgunga. Faida yake ni kivuli. Hasara ni upepo, kwa sababu rekoda hutoa sauti pale pumzi inapogonga ukingo wa kile kidirisha kilicho chini ya mdomo wake, na upepo wa Kimana ukipita hapo hugonga ukingo huohuo bila kufuata noti ulizoandika. Geuza watoto waupe upepo mgongo. Mwalimu atabaki akiupokea usoni pamoja na vumbi, na hilo ni stahili yake. Kuhusu ndovu wanaopita kwenye ushoroba kutoka Amboseli kwenda Chyulu, usiwe na wasiwasi: wao huwasiliana sana kwa sauti za chini mno, nyingine hata sikio la binadamu halizipati, na kelele ya deskanti iko mbali kabisa na mazungumzo yao. Wakigeuka na kuondoka, usichukulie kwamba ni kwa sababu yako, ingawa watoto watasema ni kwa sababu yako.

Baada ya wiki mbili hivi atakuja mzee. Mwamkie kwanza, kwa "sopa", na umpe kiti kabla hujajieleza. Atakuuliza polepole, "Mwalimu, huyu kijana anaita nini?" Swali ni zito kuliko linavyosikika. Mchungaji wa hapa hupiga mluzi na mifugo ikaelewa. Mjukuu wake alichukua rekoda malishoni kufanya mazoezi kama ulivyomwagiza, na mbuzi wakasimama wakisubiri maelekezo ambayo hayakuja. Usimwambie mzee kwamba ni G. Mwambie ni ya mtihani. Mzee ataelewa mara moja, kwa sababu ameshaona vitu vingi vikiletwa kwa ajili ya mtihani na kupita.

Ukiwa naye hapo, usijaribu kumfundisha muziki. Wamaasai wamejenga muziki wao karibu wote kwa koo na miili. Olaranyani, kiongozi wa wimbo, huanzisha, wenzake wanaitikia kwa ngurumo ya kifuani, shingo zinakwenda mbele na nyuma, na hakuna aliyenunua kitu dukani. Chombo kikubwa cha kupuliza ni pembe la tandala, na hilo halipulizwi ili mtu apewe alama. Hupulizwa kuwaita watu, kwa mfano kwenye eunoto, sherehe ya kuwavusha morani, ambayo mwaka 2018 iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka pamoja na sherehe za enkipaata na olng'esherr. Kwa maneno mengine, mzee aliyeketi mbele yako ni mtaalamu wa uongozi wa sauti, mwitikio na pumzi. Mwombe radhi kwamba huna kipindi cha kumweka. Ratiba imejaa B, A na G.

Hata hivyo mtaala unataka ala za jamii zetu, na hapa utafanya vizuri, kwa kuwa hazihitaji kupulizwa. Zinahitaji kukaririwa. Andika ubaoni: chivoti, filimbi ya Wadigo inayoshikwa kwa ubavu. Nzumari, ya watu wa pwani, inayopigwa kwa vipande viwili vya tete vinavyotetema mdomoni. Abu ya Wajaluo. Mũtũrĩrũ wa Wakikuyu. Mtoto ataandika yote, atachora mishale, atapata vema, na anaweza kuishi hadi uzee bila kusikia hata moja. Usione haya. Enzi za 8-4-4, vizazi vizima vilijibu maswali ya muziki kwenye KCPE kwa kuchagua kati ya A, B, C na D kwa penseli, wakafaulu, na baadhi yao ndio walimu wa leo. Mmoja wao, tuseme ukweli, ni wewe.

Mwongozo ukikutaka mtengeneze filimbi kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira, usitafute mianzi. Kimana ni nchi ya nyanya na vitunguu vya kumwagilia, na mazingira yake yana mabomba ya plastiki kuliko mianzi. Kata kipande cha urefu wa mkono kutoka kwenye masalio, ziba upande mmoja kwa kizibo, toboa tundu la kupulizia na matundu sita ya vidole kwa msumari uliopashwa moto. Inalia, na inalia vizuri kuliko zile za waridi. Hili ndilo somo pekee ambalo watoto watakusihi mlirudie. Hakikisha tu kwamba bomba ni masalio kweli. Mwenye shamba akikuta maji yanaruka kwa matundu sita, atajua mara moja ni kazi ya mwalimu yupi.

Sasa tathmini. Mtaala una ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na kuwa mbali na matarajio. Andika "anakaribia" kwa wote. Ni neno lenye adabu. Halimuumizi mzazi, halimdanganyi Mungu, na mtoto anaweza kukaribia kwa miaka mitatu bila mtu kuuliza anakaribia wapi. Ila utahitaji ushahidi, na ushahidi ni video. Waagize wazazi warekodi mtoto akipuliza nyumbani na watume kwenye kundi la WhatsApp la darasa kabla ya saa 2 usiku.

Hapa mshike mzazi mkono, maana ndiye anayeumia. Mama ametoka shambani saa 12 jioni, simu ina chaji kidogo, bando limekwisha, na mtoto amemkumbusha kazi hiyo akiwa tayari kitandani. Mshauri hivi. Arekodi nje, mlima uonekane. Video yenye Kilimanjaro nyuma haijawahi kuwa mbali na matarajio, hata rekoda ikiwa imeshikwa kichwa chini. Isizidi sekunde 20. Asitumie kamera ya mbele, kwani simu nyingi hugeuza picha, na mkono wa kushoto ulio juu utaonekana wa kulia, nawe utamsahihisha mtoto aliyekuwa sahihi. Kaka mkubwa asipige kwa niaba yake. Akipiga, angalau avae sweta ya shule. Na kuna sheria moja ambayo mzazi anaijua na mwalimu anaijua na haitatamkwa kikaoni kamwe: video hizo hutazamwa bila sauti.

Ukinusurika hadi muhula wa pili, utapelekwa kwenye Tamasha la Muziki la Kenya. Tamasha hilo lilianza 1927, na leo lina ngazi kama za mlima: kanda, kaunti ndogo, kaunti, mkoa, taifa. Usifikirie ngazi ya juu. Fikiria fulana. Kikundi kisicho na fulana za kufanana kimeshindwa kabla ya kufika jukwaani. Fundisha kuinama kabla ya kufundisha wimbo. Fundisha kuingia kwa mstari, mfupi mbele. Fundisha tabasamu, kisha uwaeleze kwamba mtu hawezi kutabasamu na kupuliza kwa wakati mmoja, kwa hiyo watabasamu kabla. Mkipangiwa Loitokitok asubuhi na mapema, kumbuka kule ni miguuni pa Kilimanjaro na kuna baridi. Rekoda baridi hushuka sauti, ikishapata joto hupanda, na kumi zenye joto tofauti ni kumi zenye sauti tofauti. Waambie waziweke kwapani hadi waitwe. Mmoja ataisahau kwapani na kuinama bila chochote mkononi. Huyo ndiye atakayepigiwa makofi mengi.

Mwamuzi atakaa mezani, atapiga kengele, ataandika kwa muda mrefu kuliko mlivyopiga. Maoni yake yatakuwa matatu: mmejitahidi, pumzi, na upatanisho wa sauti. Yote ni kweli. Ukirudi shuleni sema mmekuwa wa pili. Usitaje mlikuwa wangapi.

Mpaka hapa mambo yako ni salama. Hatari halisi huja bila kutangaza. Katika wale 60 atatokea mmoja anayepiga kweli. Dalili zake ni hizi: anafanya mazoezi bila kutumwa, anapata F, tena kwenye aina zote mbili, anasikia wimbo wa kanisani mara moja na Jumatatu anaupiga, na anakutazama wewe unapopiga, kwa huruma. Utajaribiwa kufurahi. Jizuie kwanza ufikirie njia iliyo mbele yake, kwa sababu umempa ufunguo katika kijiji kisicho na mlango wa kufungua.

Zamani angeweza kusubiri sekondari, akabahatika kuingia shule yenye somo la muziki, na huko akafanya KCSE, karatasi ya 511/1, asimame mbele ya mtahini na kupiga kwa mikono na pumzi yake mwenyewe badala ya kuchagua herufi. Mtaala huo wa 8-4-4 unaishia, na shule za aina hiyo hazijawahi kuwa nyingi. Sasa labda aende Kitengela, ambako makanisa yameipenda saksafoni kwa moyo wote na harusi bila saksafoni inahesabiwa kuwa kikao cha familia. Saksafoni ni ya shaba inayong'aa lakini iko katika ukoo wa ala za mbao, kwa kuwa inalizwa na kipande cha tete. Mbelgiji Adolphe Sax aliipatia hataza Paris mwaka 1846, na huenda hakuifikiria Barabara ya Namanga siku ya Jumamosi. Huko kuna walimu wazuri, wanaolipwa kwa saa. Tatizo ni jiografia. Kimana na Kitengela ziko kaunti moja, lakini ukifuata lami utatoka Kajiado na kuingia Makueni pale Emali, utavuka Machakos, utapita Athi River, ndipo urudi Kajiado. Nauli itaizidi ada, na mtoto atafika akiwa ametumia pumzi yote kueleza anakokwenda.

Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanza 1944, na kuna mitihani ya ABRSM ya Uingereza yenye ngazi 8, na ukiipita yote unapewa cheti ambacho mwajiri wako Kimana atakiweka faili moja na cha huduma ya kwanza. Na kuna Ghetto Classics. Huo ni mfano hatari, usiutaje mbele ya bodi ya shule. Tangu 2008 mradi huo, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, umekuwa ukiwafundisha watoto wa Korogocho, kando ya jaa la Dandora, klarineti, saksafoni, fidla na vingine, hadi wakapiga muziki wa okestra mbele ya wageni wa heshima. Ukiutaja, mtu atasema, "Sisi tunashindwaje?" Na swali hilo likishaulizwa kikaoni lazima mtu ajibu, na aliyeliibua ndiye hupewa kamati.

Tuseme umeibiwa akili na huyo mtoto na umeamua kumtafutia klarineti. Sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo upuuzi wote wa biashara hii umelala. Klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo. Mpingo ni mti wetu. Uko Kenya, uko kwa wingi kusini mwa Tanzania, huko Kilwa na Lindi, na kwa Watanzania ndio mti wa taifa, na wachongaji wetu wa Ukambani wamekuwa wakiuchonga tangu babu zao. Hukua polepole mno; mtoto anayeupanda leo hataukata yeye. Mbao yake husafirishwa hadi Ufaransa, kwa mafundi kama Buffet Crampon ambao wako kazini tangu 1825, hutobolewa, hufungwa vitufe, na kurudi Afrika Mashariki ikiwa na bei ya ng'ombe kadhaa wazima. Kuanzia Januari 2017 hata ala iliyokamilika ya kuuzwa ilihitaji vibali vya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuvuka mpaka, kwa sababu mpingo uko katika jamii ya Dalbergia. Mwaka 2019 ala zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo. Mti haujaondolewa bei. Na ukishafika Kimana, jua na ukavu wa Amboseli vitaupasua kwa ufa mwembamba mahali panapouma zaidi. Nunua ya plastiki. Ni jambo la kuchekesha kumpa mtoto wa nchi ya mpingo klarineti ya plastiki, ila usicheke dukani, wataongeza bei.

Halafu kuna tete. Ni kijibanzi chembamba kinachofungwa mdomoni mwa klarineti au saksafoni, nacho ndicho kinacholia; vilivyobaki vyote ni nyumba yake. Tete nyingi zinazouzwa duniani hutoka kwenye mashamba ya mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Zina namba. Anayeanza hupewa 2 au 2 na nusu, huisha baada ya wiki chache za mazoezi, hupasuka ikigongwa jino. Mchezaji wa Ulaya hununua boksi la 10. Mtoto wetu atapata moja, ataitunza ndani ya karatasi ya dawa, ataiosha, ataikwangua kwa wembe, na ataipuliza mpaka ilainike kama kitambaa. Usimkemee kwamba sauti imelegea. Anajua. Amekuwa akijua kabla yako.

Kwa hiyo, mwalimu, kesho saa 2 na dakika 20, ziba matundu matatu ya juu na la nyuma, upulize G. Na wewe unayesoma haya ukiwa Kitengela, na una klarineti au saksafoni iliyolala juu ya kabati tangu aliyeinunua alipoacha kwaya, ipeleke Kimana. Ipakie kwenye matatu ya Loitokitok, mpigie mwalimu mkuu, asubiri stejini. Weka na boksi la tete ndani. Bila tete utakuwa umetuma kabati lingine.